Dakika nne za kuchomelea

Pita Ngamiani, hapa Tanga, asubuhi, kwenye barabara zile zinazoitwa kwa namba, utamkuta saidia fundi ameinamia geti la chuma. Hajasoma ufundi popote, ila sikio lake linajua: moto ukilia kama mafuta ya kukaangia, mshono umekaa, ukipasukapasuka, kijiti cha kuchomelea kimeingia unyevu. Na unyevu wa Tanga mnaujua.

Kinachomkwamisha ni karatasi. Bomba la mafuta ghafi lenye kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa hapa Chongoleani, na mchomeleaji wa bomba haajiriwi kwa sifa za kijiweni. Anapimwa, anataka cheti. Ndiyo maana siupuuzi mkondo wa amali, yaani sekondari inayofundisha ufundi, uliokuja na Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, na kuanza kidato cha kwanza Januari 2024. Anayeumaliza anatarajiwa kutoka na cheti cha NECTA, baraza la mitihani, na cha NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Tena Tanga si wageni wa jambo hili. Shule ya ufundi ya Tanga Tech ipo tangu zamani, pamoja na wenzake wa Moshi na Ifunda.

Wapo wazazi wanaoona amali ni kapu la waliofeli. Hofu hiyo hainisumbui sana, maana njia ya vyuo vya ufundi haijafungwa. Kinachonisumbua ni gharama. Somo la historia linaenda kwa kitabu na chaki. Kuchomelea kunakula chuma, vijiti na umeme. Tuseme darasa lina wanafunzi 40 na mashine 2. Kipindi cha dakika 80 kinampa kila mmoja dakika 4, yaani vijiti viwili vitatu, basi. Yule wa Ngamiani anamaliza pakiti.

Kwa hiyo naunga mkono shule, kwa sharti moja: mchana wanafunzi wapelekwe gereji na karakana za mtaani. Si ndoto, VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wana uanagenzi, yaani kujifunza ukiwa kazini, na hata fundi wa mtaani humpima ujuzi wake na kumpa cheti. Ila mfuate fundi mwenyewe umweleze mpango huu. Atazima grenda, avue miwani, kisha akuulize: mtoto wa shule akikatika kidole hapa kwangu, nani anajibu? Na vijiti atakavyoharibu, nalipa mimi?