Rafiki wa Kundi Moja Asiagwe kwa Orodha ya Vyeo

Mazishi ya afisa wa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yana utaratibu wake. Jeneza hufunikwa bendera ya taifa, risasi za heshima hupigwa, tarumbeta hulia. Kabla ya hapo husomwa wasifu: alizaliwa lini, akajiunga lini, akatunukiwa kamisheni, yaani uafisa, akapanda kutoka Luteni Usu hadi cheo alichostaafu nacho. Vyuo vya kijeshi alivyopita: Monduli, Duluti, pengine na Kunduchi. Nishani hizi na hizi, mjane na watoto. Wasifu huo una kazi yake na sina ugomvi nao. Lakini mjukuu akiusikiliza mpaka mwisho, bado hajui babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Anayejua ni yule aliyelala naye hanga moja, bweni la jeshini, wakiwa maofisa wanafunzi wa kundi moja, na kwa maoni yangu huyo ana deni la kuandika maneno ya kumuaga. Walioingia vita vya Kagera na nyota moja begani sasa wamefika miaka 70 au wanaikaribia. Muda si mrefu.

Anza na tarehe, maana zikikosewa hata ukweli mwingine hautaaminika. Kosa la kwanza ni kuchanganya mwaka wa kujiunga na jeshi na mwaka wa kamisheni. Iombe familia hati ya kamisheni, na ulitaje kundi lake, yaani wale aliosoma nao uafisa, kwa namba na mwaka, maana ndivyo wenzake wanavyojitambua. Kosa la pili liko Kagera. Uvamizi wa majeshi ya Idi Amin ulianza mwishoni mwa Oktoba 1978, mapigano ya Lukaya, ndani ya Uganda, yalikuwa Machi 10 na 11, 1979, na Kampala ilianguka Aprili 11. Ukimweka marehemu Lukaya mwezi Desemba, mzee aliyekuwepo atainua kichwa, na kuanzia hapo hakusikilizi tena. Halafu familia nyingi husema baba "aliikomboa Kampala". Uliza alikuwa brigedi gani. Brigedi ya 206 ilielekea Mbarara, upande wa magharibi, kwa hiyo aliyekuwa nayo hakuwa miongoni mwa walioingia Kampala siku ile. Heshima yake haipungui hata chembe kwa kusema alikokuwa kweli.

Sasa lile neno ambalo kila mtu analitumia: "aliwahamasisha wengi". Lifute. Badala yake tafuta watu watatu ambao hawakuwa na cheo kama chake: dereva wake, askari wa platuni yake ya kwanza, na afisa kijana aliyempokea kikosini. Waulize swali moja tu: alikufundisha nini ambacho unakifanya mpaka leo? Kisha nyamaza. Jibu la kwanza huwa sifa, "afande alikuwa mtu wa watu". Subiri la pili. Hilo ndilo huja na kitu cha kushika: kwamba alikula baada ya askari wake wote kupakuliwa, kwamba aliandika barua kwa mzazi wa kuruta aliyetaka kutoroka, kwamba alikagua buti za wenzake usiku kabla ya matembezi marefu kwa sababu lengelenge moja kisigino linaweza kuichelewesha platuni nzima. Jambo moja la aina hiyo, likiwa na mahali na aliyeliona, linamfanya kijana atamani kuwa afisa wa namna hiyo. Sifa 20 mfululizo haziwezi.

Usimfanye malaika. Kama chuoni alishindwa kulenga shabaha na akarudia, sema, kisha sema alivyojifunza. Ila yasiyo ya hadhara yaache: mipango ya kikosi, silaha, waliokuwa zamu wapi. Mwaka na jina la operesheni iliyotangazwa vinatosha. Mpe msomaji wa wasifu rasmi nakala yako mapema, msije mkapishana tarehe mbele ya kaburi.

Muda wa kusema unategemea msiba. Kwa Muislamu maziko huwa ya haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, na hakuna nafasi ya hotuba ndefu. Tayarisha maneno yako kwa ajili ya khitma au arobaini. Kwa Mkristo ambaye ratiba imechapishwa, omba dakika 4 na uzizingatie. Ukisoma polepole kama msiba unavyotaka, hizo ni kama maneno 400. Chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, namba kwenye kila ukurasa, na uzibane pembeni, maana makaburini kuna upepo. Usisome kwenye simu. Jua la saa nane mchana linafuta kioo chote, na simu hujifunga pale tu ulipotua kumeza machozi. Mweke mwenzako wa kundi karibu akiwa na nakala ya pili, amalizie sauti yako ikikatika. Hakuna aibu katika hilo, na wafiwa hulikumbuka kwa wema.

Kuna na ile picha ya kundi, safu tatu, wote wembamba, kofia zimekaa sawa. Karibu kila familia ya afisa inayo, na karibu hakuna anayejua majina zaidi ya la baba. Kaa nayo pamoja na wenzako waliobaki, mtaje kuanzia kushoto, safu ya mbele kwanza. Usiandike nyuma yake kwa kalamu ya wino, utapenya hadi usoni mwa mtu. Penseli laini inafaa kwenye karatasi za zamani. Kama mgongo wa picha unateleza, andika majina kwenye karatasi ya pembeni, kila safu kwa mpangilio wake, na mviweke vyote katika bahasha moja. Msiyemkumbuka jina mwachieni nafasi wazi kwenye safu yake, kisha mpigieni simu mwingine wa kundi.