Chembe za mimea zinazong'aa: zikifika ziwani zitaoza?

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, wakala wa pesa akipewa noti ya elfu kumi huipitisha kwanza chini ya taa ndogo ya zambarau. Alama zilizofichwa zikiwaka, anapokea. Ujanja huo huo, wa kitu kumeza mwanga usioonekana na kuurudisha ukionekana, sasa unatiwa kwenye chembe za polima (molekuli ndefu kama mnyororo, kama zile za plastiki), ndogo kiasi kwamba elfu kumi zikipangwa foleni zinaweza zisivuke milimita moja. Malighafi ni mimea. Kazi yenyewe ni kumwonyesha mtafiti dawa imefika wapi mwilini, au seli ya saratani imejificha wapi.

Wanaozitetea, wanaosema pia kuwa zinaoza, wana hoja. Nukta za kwanta, vipande vidogo mno vya fuwele vilivyoleta Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, nazo hung'aa, lakini nyingi zina kadimi, metali yenye sumu. Na huku Kanda ya Ziwa mimea haijatupungukia: pamba ni selulosi (polima inayojenga kuta za seli za mimea) karibu tupu, mabua yake tunayachoma shambani, magugu maji yanaziba gati. Hata lignini, inayoupa mti ugumu, hung'aa kidogo yenyewe bila kutiwa rangi.

Ninapoguna ni kwenye neno "inaoza". Inaoza wapi? Polilaktiki, plastiki ya mahindi na miwa inayosifiwa sana, huoza vizuri kwenye mboji ya kiwandani yenye joto la nyuzi 60 hivi. Maji ya Ziwa Victoria yako kwenye 25. Humo inaweza kukaa miaka. Halafu kuna rangi inayotiwa ili chembe ing'ae: polima ikishavunjika, rangi iliyofungiwa ndani inatoka, na rangi nyingi za maabara hazikutokana na mmea wowote.

Tusisahau tulipo. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulipima sangara na sato walionunuliwa sokoni hapa Mwanza. Samaki mmoja kati ya watano alikuwa na plastiki tumboni. Hizo angalau zilionekana. (Kwa haki, chembe inayong'aa ingemsaidia mtafiti kuona kwenye tangi kama plastiki inaishia utumboni au inapenya hadi kwenye mnofu tunaoula.)

Kwa hiyo maabara na hospitali, kwa dozi inayojulikana, mimi naafiki. Kuzimwaga ziwani kufuatilia mikondo ya maji, hapana. Kwanza mtu achote ndoo pale Mto Mirongo unapoingia ziwani, atie chembe zake, asiipashe moto, arudi baada ya mwaka apime polima na rangi pia.