Insulini ya Kidonge: Kikwazo si Tumbo Peke Yake

Tangu mgonjwa wa kwanza wa kisukari alipodungwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, mjini Toronto mwaka 1922, watu hawajaacha kuuliza kwa nini dawa hii isimezwe. Sababu inayojulikana zaidi ni kwamba insulini ni protini, yenye asidi amino 51, na tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya protini ya chakula. Kiasi kidogo kinachonusurika nacho hupenya kwa shida ukuta wa utumbo.

Wanaoitetea insulini ya kidonge wana hoja nzito kuliko ile ya kukwepa sindano, ambayo kwa maoni yangu hutiwa chumvi, maana sindano za siku hizi ni nyembamba mno. Insulini inayotolewa na kongosho hupitia kwanza kwenye ini, ambalo hubakiza sehemu kubwa na kupunguza sukari linayoiachilia kwenye damu. Ile ya kudungwa huanzia chini ya ngozi na kusambaa mwili mzima, hivyo ini hupata mgao mdogo kuliko lilivyozoea. Kidonge kinachofyonzwa utumboni kingerudisha njia ya asili.

Tena jambo hili si ndoto tupu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kampuni ya Novo Nordisk, ambapo watu 50 wenye kisukari cha aina ya pili walifuatiliwa kwa wiki 8, wengine wakimeza kidonge kila siku na wengine wakijidunga glajini, insulini ya sindano inayofanya kazi polepole siku nzima, na sukari ya makundi yote mawili ikashuka kwa viwango vinavyokaribiana. Hata hivyo kampuni iliachana nacho, kwa kuwa kila kidonge kilihitaji insulini nyingi mno kiasi kwamba uzalishaji usingelipa. Kidonge cha kampuni ya Oramed nacho kilishindwa katika jaribio la awamu ya tatu, mwanzoni mwa 2023.

Wapo wanaosema kidonge kinawezekana, wakitoa mfano wa semaglutaidi, dawa nyingine ya kisukari cha aina ya pili, ambayo humezwa ingawa ni takriban asilimia 1 tu inayofika kwenye damu. Mfano huo unapotosha. Semaglutaidi hukaa mwilini kwa siku nyingi, kwa hiyo dozi iliyofyonzwa vibaya leo hufidiwa na za siku zilizotangulia. Isitoshe, peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Insulini haina msamaha huo. Ikiwa asilimia 1 ndiyo iliyokusudiwa, kisha siku moja ikaingia asilimia 2, mgonjwa amepata dozi maradufu, na anaweza kuzirai.

Ndiyo maana naona kidonge hiki, kikifaulu, kitawafaa kwanza wenye aina ya pili wanaohitaji insulini ya msingi, yaani ile ya kufanya kazi polepole siku nzima, wala hakitachukua nafasi ya sindano ya kila mlo kwa wenye aina ya kwanza, ambao kongosho lao halitoi insulini ya kutosha hata kidogo. Na majaribio yajayo yakitangazwa, wastani wa kundi zima hautatosha kutushawishi. Takwimu ya kutafuta ni tofauti ya ufyonzaji kwa mgonjwa yuleyule kati ya siku moja na nyingine.