Robo Saa ya Kwenda Lisbon

Tiketi ilisema hivi: kuondoka Madrid saa nne na dakika 5 asubuhi, kufika Lisbon saa nne na dakika 20. Nikaisoma mara mbili. Robo saa! Daladala ya Mbagala hukaa zaidi ya hapo ikisubiri abiria wa mwisho. Nikamtumia dada yangu aliyeko Lisbon ujumbe wa sauti: "Anza kutoka nyumbani, mimi robo saa tu nimetua." Akajibu "Haya", na kicheko juu yake. Kicheko kile ningekitilia maanani.

Wakati naaga, shemeji, mke wa kaka niliyefikia kwake, akanikabidhi chupa ya lita moja na nusu ya juisi ya ukwaju. "Shemeji, mpelekee wifi yangu. Tafadhali isimwagike."

Pale Barajas, uwanja wa ndege wa Madrid, kwenye ukaguzi, mkaguzi aliinyanyua ile chupa kwa vidole viwili kama aliyeokota panya, akanionyesha pipa. Mwisho mililita 100. Sasa mimi nimelelewa Tanga, riziki haitupwi. Nikarudi pembeni, nikafungua kizibo, nikainywa yote, nimesimama na soksi, mkanda wa suruali begani. Karibu na geti palikuwa na choo. Nikakitazama, nikakipita. Ya nini? Robo saa tu.

Robo saa yangu iliisha ndege ingali chini, inazunguka kutafuta njia ya kurukia.

Nilikaa dirishani. Kati yangu na uhuru kulikuwa na wazee wawili, mmoja anakoroma. Taa ya mikanda inawaka, upepo unaturusha, na ukwaju, kama mjuavyo, hauna subira. Ndipo nikapiga hesabu ambayo ningeipiga jana yake: Madrid hadi Lisbon kwa anga ni kama kilomita 500. Kwa robo saa, hiyo ni kilomita 2,000 kwa saa. Mwendo wa Concorde huo, ile ndege ya abiria iliyoipita sauti kwa kasi, nayo ilistaafu mwaka 2003.

Nikamuuliza mzee wa jirani, kwa Kiingereza cha kuungaunga, tumebakiza muda gani. Kosa. Badala ya kunijibu, akanisomesha. Ureno inafuata saa za London, Hispania iko mbele saa nzima, kwa hiyo safari ni saa moja na robo, ila saa ya ukutani inakudanganya. Na Hispania nayo haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1940 Franco, dikteta wa Hispania, alizisogeza saa mbele zikalingana na za Ujerumani, vita vikaisha, Franco akafa, saa hazikurudishwa. Nikayasikiliza yote hayo nimekunja miguu kama suruali iliyopigwa pasi. Mpaka leo kibofu changu kinamdai Franco.

Alipomaliza, nikamwomba anipishe. Akaonyesha dirishani: tunatua.

Rubani akatangaza kwa majivuno kwamba tumefika kwa wakati, saa nne na dakika 20 kamili. Sikumsikia vizuri, nilikuwa nimeshawaruka watu saba nikiwaomba radhi kwa Kiswahili. Humo chooni nilikaa muda ambao sitautaja.

Dada alikuwa nje, anacheka kabla sijafungua mdomo.

"Ulijua!" nikamwambia.

"Nilijua. Wifi naye kanipigia simu. Haya, ukwaju wangu uko wapi?"

Nikageuka, nikautazama mlango wa choo.