Loleza Haiondoki, Bahari Inaondoka

Mtu wa Mbeya akisikia Unguja ni tambarare, anacheka. Sisi tuliozoea mlima Loleza, zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari, tushindwe na mchanga? Basi anapakia mke, watoto wanne, masweta, ndoo ya maparachichi na mama mkwe. Zaidi ya kilomita 800 za basi mpaka Dar, halafu kama saa mbili za boti ambamo watoto wanatapika kwa zamu. Anafika Paje, ufukwe wa mashariki, saa nne asubuhi, anavua shati, anakuta bahari haipo.

Imeondoka. Loleza ungeikuta palepale, hata ukichelewa miaka kumi.

Bahari ina ratiba, na tofauti na mabasi yetu ya alfajiri, yenyewe inaifuata. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, saa sita na ushee kati ya kujaa na kupwa, na kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu linakuja bamvua: maji yanapwa kiasi cha saa nne asubuhi, yanajaa kiasi cha saa kumi jioni, na kimo kinapishana mita tatu hadi nne. Ufukwe wa mashariki ni wa mteremko mdogo mno, kwa hiyo maji yanakimbilia kule kwenye mwamba, kilomita nzima na zaidi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Lakini baba wa familia kauliza bei ya chumba, bei ya pweza, hata bei ya nauli ya kurudi. Kumuuliza mvuvi "leo maji yanapwa saa ngapi?" hakukumbuka.

Matembezi yenyewe, ya miguu pale bahari ilipoondoka, yanaanza saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa. Yakigeuka, na wewe geuka. Usilete habari za "tufike pale tu." Mtu wa bara anadhani bahari inarudi kwa mbele, kama ng'ombe, ataiona. Thubutu! Inaingia kwanza kwenye mikondo iliyo kati yako na ufukwe, maana huko ndiko chini zaidi. Umesimama kwenye fungu la mchanga unapanga familia kwa picha, mama mkwe katikati, kumbe nyuma yenu kumeshajaa. Mlivuka maji ya kifundo, mnarudi na maji ya kiuno, na huyo mama wa picha sasa yuko mgongoni kwako.

Viatu navyo! Kandambili inabaki kwenye tope, wewe unaendelea. Gambuti la Uyole linajaa maji, linakuwa ndoo ya pili. Vaa raba kuukuu ya kufunga kamba, yenye soli ngumu, kwa sababu matumbawe yanakata kama wembe na kwenye vidimbwi kuna yale madudu meusi ya duara yenye miiba kama nungunungu. Mwiba wake ukiingia, mmoja wenu lazima atoe pini. Mnyang'anye. Ule mwiba unakatika kama chaki, ukiuchimba unauacha vipande. Loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, nusu saa au zaidi, chomoa kwa kibano ule uliochomoza tu, na ulioingia kwenye kiungo upelekwe zahanati.

Na vile vijiti na kamba majini si kamba za kuanikia. Ni shamba la mwani la mama wa watu. Kwetu nani anakatiza kwenye matuta ya viazi ya jirani?

Mchana jua linapochoma, nendeni mashamba ya viungo kule Kizimbani, kuna kivuli. Lita mbili za maji kwa kila mtu mzima, siyo chupa moja ya kupokezana. Hapo ndipo fedha inapouma: mtoto wa Mbozi anaonyeshwa mti wa kahawa, wa Kyela anaonyeshwa kakao, na wote wanatoa macho kana kwamba kwao wanalima theluji. Karafuu sawa, hiyo hatuna: inachumwa ikiwa bado tumba, ua limefumba, inaanikwa juani siku nne au tano; ua likifunguka kabla ya kuchumwa, bei imeanguka. Lakini vanila! Baba ananusa ganda bichi, halinuki chochote, anataka arudishiwe kiingilio. Harufu inakuja baada ya kuivishwa na kukaushwa kwa miezi. Ua lenyewe hufunguka asubuhi moja tu na linachavushwa kwa kijiti, moja moja, kwa njia iliyogunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Wa kwetu ana miaka 14, kitanda hajui kutandika.

Mzingifuri, ule wa mbegu nyekundu, ukipakwa mdomoni ni rangi nzuri. Ukidondokea gauni jeupe, gauni limebadilika kabila.

Mwisho mwongoza wageni anamvika baba kofia na tai ya makuti, bure, huku ameshika mkono wazi. Utashuka nayo stendi ya Mbeya usiku, imekauka, baridi inapiga, masweta yote yamelowa chumvi, na jirani anauliza watoto wameona nini huko kisiwani.

"Migomba."

Nauli ya watu saba hiyo.