Ratiba ya malori ibandikwe ofisi ya kijiji

Ukitaja mradi wa umeme wa jua, wengi huwaza paneli zilizotulia shambani. Mimi huwaza malori.

Chukua ule wa TANESCO kijijini Ngunga, wilaya ya Kishapu, Shinyanga. Ni wa megawati 150: awamu ya kwanza 50, ya pili 100. Kwa paneli za wati 550, megawati 100 za awamu ya pili peke yake zinataka paneli zaidi ya 180,000. Kontena la futi 40 hubeba kama 600 hivi, kwa hiyo ni makontena yapatayo 300 kutoka bandarini hadi njia ya vumbi ya kijijini. Hapo sijagusa nguzo za chuma, nyaya, saruji na kokoto, wala transfoma, mzigo mzito kuliko yote.

Umeme huo nautaka. Lakini Kishapu ni nchi ya pamba, na sehemu kubwa ni mbuga, ule udongo mweusi unaonata. Wakati wa mvua malori yakipita pale mara mbili, baiskeli haipiti tena. Kiangazi njia inakauka, ila ndipo pamba inapovunwa, mikokoteni ya ng'ombe imejaa barabarani, na vumbi linatua juu ya pamba iliyoanikwa. Hakuna msimu mwepesi. Ndiyo maana ratiba ya malori haifai kupangwa na mkandarasi peke yake. Aulizwe mwenyekiti wa kitongoji, anayejua mnada wa ng'ombe ni siku gani na wanafunzi wanavukia wapi.

Kwetu, mbali na huko, tuliwahi kupitiwa na mradi mwingine. Tipa zilianza saa kumi na moja alfajiri. Mama alikuwa akifunika maji, akifunika unga, na bado tulikula vumbi. Mwezi wa pili kalavati likapasuka. Tulipolalamika tukaambiwa lilikuwa bovu tangu zamani, nasi hatukuwa na hata picha moja. Lile kalavati bado linaniuma.

Kwa hiyo kabla lori la kwanza halijaingia, kila kalavati na kila nyumba iliyo kando ya njia ipigwe picha, kijiji na mkandarasi wasaini pamoja. Boza la maji la kutuliza vumbi liandikwe kwenye mkataba kwa idadi ya safari kwa siku, kwa sababu likiachwa kuwa hisani ndilo la kwanza kukatwa fedha zikibana. Saa za watoto kwenda na kurudi shule malori yasimame. Saa hizo zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, pamoja na namba ya simu ya mtu anayepokea kweli.

Na malipo ya mwisho ya mkandarasi? Yasitoke yote siku ya kukata utepe. Sehemu ishikiliwe hadi TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waikague barabara ile baada ya msimu mmoja mzima wa mvua.