Ovaroli moja kwa wote si usawa

Mjadala wa mavazi kazini kwetu huanzia kwenye sketi na kuishia hapo hapo. Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbini bungeni Dodoma kwa sababu ya suruali ambayo mbunge mwenzake, mwanamume, alidai inambana. Watu walisema sana, na walikuwa na haki ya kusema. Lakini mwanamke wa kiwandani au wa site ya ujenzi, anayevaa nguo inayoweza kumkata mkono, hasemewi na mtu. Hilo linaniuma.

Tazama ovaroli ya kipande kimoja. Imekatwa kwa mwili wa kiume: mabega mapana, nyonga nyembamba. Mwanamke akichukua saizi inayomtosha nyonga, mabega ya nguo yanamshukia na mikono inapita viganja, kwa hiyo anaikunja mara mbili. Mkunjo huo ukilegea karibu na shafti, yaani mhimili wa mashine unaozunguka, unanaswa na kuvuta mkono. Halafu kuna choo. Lazima ateremshe nguo yote kuanzia mabegani, na ile sehemu ya juu inaburuta kwenye sakafu iliyolowa. Matokeo yake wapo wanaojinyima maji tangu asubuhi, juani, ili wasiende haja. Suti ya vipande viwili, koti na suruali za kitambaa kilekile, inamaliza tatizo hili. Bado oda nyingi zinaandikwa "ovaroli" kwa mazoea tu.

Buti nalo lisichaguliwe kwa namba peke yake. Mguu wa mwanamke mara nyingi ni mwembamba kisiginoni, hivyo buti la kiume la urefu uleule linapwaya, kisigino kinapanda na kushuka, malengelenge yanatoka. Soksi mbili haziponyi kitu, zinabana vidole kwenye kile chuma cha mbele. Pima miguu yote miwili jioni, ikiwa imeshavimba kidogo, na acha mbele nafasi ya upana wa kidole gumba. Glovu nayo ikiwa kubwa hata ncha za vidole vyake zikabaki tupu, mtu ataivua ashike skrubu vizuri, na hapo ndipo anapoumia.

Mjamzito asiachwe ajishonee sare kwa fedha yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na ujauzito pia. Suruali yenye lastiki pana kiunoni iwemo kwenye oda tangu mwanzo, hata kama leo hakuna mwenye mimba.

Ofisini, futeni maneno "mavazi ya heshima" yakisimama peke yake, maana yanamgeuza mlinzi wa getini kuwa hakimu wa mapaja ya watu. Andikeni kinachopimika: nguo ifike gotini, viatu vifunikwe mbele, suruali ruksa kwa wote. Kisigino kirefu kisiwe sharti kwa yeyote.

Na kabla fundi hajakata nguo 200, ashone sampuli za saizi tatu. Wanawake wanaoifanya kazi hiyo wazivae, wachuchumae, wapande ngazi, wanyooshe mikono juu. Koti likipanda na kuacha tumbo wazi, liongezwe sentimita 5, kisha lijaribiwe tena.